Taa Tatu za Pijo ya Mzee

Amukura,
2 Machi 2025

Dada Akiteng,

Yoga, salamu yetu ya nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na shemeji Oduori, na kwamba mto Nzoia umetulia ndani ya kingo zake huko Rukala. Sisi hatujambo. Mke wangu Naliaka anakusalimu, kuku wake wamefika thelathini na wanalala kwenye banda bora kuliko ofisi yangu. Janet sasa ana mwaka wa pili nami pale Malaba, na anajaza makaratasi ya forodha haraka kuliko baba yake, jambo ambalo hanisahaulishi. Mama yuko salama, goti humsumbua asubuhi tu. Anasema amesubiri miezi sita aone kati yetu nani atatii kwanza. Ulinikatia simu siku tatu baada ya kumzika Mzee, baba yetu, nami nikakukatia siku ya nne, ndipo akatuamuru tuandikiane kwa karatasi, kwa kuwa mtu akiandika hutukana polepole. Basi nimetii mimi, na sitatukana mpaka ukurasa wa pili.

Jambo lenyewe ni Pijo, gari la Mzee. Unakumbuka tulivyokubaliana mbele ya Baba mdogo Emukule. Gari nilitunze mwaka mmoja. Siku ya kumbukumbu ya Mzee, tarehe 23 Agosti, Emukule alikague mwenyewe kama alivyokuwa akikagua magari ya serikali kabla ya kustaafu. Kila kitu Mzee alichokiacha kikifanya kazi kiwe kinafanya kazi, na liwe bado linampeleka Mama kanisani kila Jumapili. Likipita, ni langu. Likianguka, linakuja kwako.

Nimetengeneza breki, redieta, hata kioo cha nyuma kilichokuwa kikishuka chenyewe. Kimebaki kitu kimoja: taa za dashibodi, zile tatu ndogo za nyuma ya mita. Taa kubwa zinawaka, za nyuma zinawaka, indiketa zinameta, honi inaamsha wafu. Lakini mita zenyewe ni giza. Huoni spidi, huoni mafuta, huoni kama injini inachemka.

Nilimpelekea Mutua, fundi wa waya pale uwanja wa matrela. Alichungulia chini ya dashibodi dakika mbili, akapangusa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akasema, "Boss, hii ni kuukuu. Tutoe waya zote, tuweke mpya, na hapo kwa mita nikuwekee zile taa za zambarau." Nikamwambia Pijo si kilabu cha pombe. Akasema madereva wote wa matrela wanazitaka. Nikamwambia madereva wote wa matrela wanakojoa nyuma ya ofisi yangu pia, na sijawaiga.

Hawa ni wachuuzi wa spea waliovaa ovaroli. Taa haiwaki, badilisha balbu. Bado, badilisha swichi. Bado, badilisha waya. Bado, uza gari. Hakuna anayeuliza umeme umekwama wapi. Na ndivyo tunavyoendesha nchi: barabara ikibomoka tunabadilisha mkandarasi, watoto wakifeli tunabadilisha mtaala, na tatizo limekaa palepale linatuangalia.

Sasa tusi langu. Mtu pekee ninayemjua anayeweza kuufuata waya mmoja mpaka mwisho ni wewe, mwalimu wa fizikia kwa miaka thelathini na moja, uliyewafelisha nusu ya wakubwa wanaotuongoza leo. Najua namwomba msaada yule atakayefaidika nikishindwa. Nimekuomba hata hivyo, kwa sababu najua huwezi kutoa jibu la uongo kwa swali la umeme, hata ukitaka.

Nduguyo,
Ikapel

---

Rukala,
16 Machi 2025

Mdogo wangu Ikapel,

Barua yako ililetwa na Egesa, yule mwenye pikapu ya samaki wa Port Victoria, aliporudi kutoka Malaba. Ilinuka mbuta mpaka paka akaikalia. Sisi wazima. Oduori amepanda mpunga na anautembelea mara tatu kwa siku kama mgonjwa wa wodini. Ukuta wa kuzuia mto umewekewa viraka tena na watu waliokuja na makoti ya kumeremeta na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Wamemwaga udongo juu ya ufa bila kuutafuta ufa. Ungewapenda, ni binamu za Mutua wako.

Mpe Mama salamu zangu, na Naliaka, na Janet, ambaye natumaini hakurithi mdomo wako.

Nilisoma ukurasa wa kwanza nikitafuta neno samahani. Halikuwepo. Nikasoma wa pili. Umeeleza kwamba tulikatiana simu ila hukueleza kwa nini. Nikukumbushe ulichoniuliza siku ile: "Mwanamke atafanya nini na Pijo?" Nimeliweka swali hilo. Tutalirudia.

Sasa taa. Aliyemshikia Mzee tochi chini ya dashibodi hiyo ni mimi, tangu nikiwa kidato cha pili, wakati wewe umekaa kwenye usukani unanguruma kwa mdomo. Kwa hiyo nisikilize. Usibadilishe kitu. Pima.

Chukua balbu nzima, iunge nyaya mbili. Waya mmoja ufunge kwenye chuma kitupu cha bodi. Wa pili ndio wa kugusia. Washa taa ndogo za gari. Anzia kwenye fyuzi: gusa upande huu, kisha upande ule. Ikiwaka kote kuwili, fyuzi ni nzima, songa mbele.

Kituo cha pili ni kile kitufe cha kuzungusha kando ya usukani, cha kuongeza na kupunguza mwanga wa mita. Wengi husahau kwamba kipo. Kikizungushwa kwa bahati mbaya, taa huzima na mwenye gari hukimbilia kwa fundi. Kizungushe mwisho hadi mwisho mara ishirini ili kutu ing'oke, kisha pima waya unaoingia na unaotoka.

Kituo cha tatu ni vikombe vinavyoshika balbu. Pima kama umeme unafika. Kisha angalia kama unapata njia ya kurudi: ule waya mweusi uliofungwa kwa skrubu kwenye bodi, nyuma ya mita. Ufungue, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, ufunge tena. Umeme usipopata njia ya kurudi nyumbani hautoki kabisa. Una akili kuliko vijana wetu wanaovuka mpaka.

Andika unachokiona kila kituo. Na utazame kukiwa giza, maana mchana taa hizo hata zikiwa nzima huzioni vizuri. Niambie ulitazama saa ngapi.

Dada yako,
Akiteng

Karatasi imeniishia, kwa hiyo hili naliandika pembeni kwa herufi ndogo: Jumapili Mama alipika nini?

---

Amukura,
30 Machi 2025

Dada Akiteng,

Salamu kutoka nyumba yenye matope. Mvua imeanza na foleni ya matrela imefika karibu na kituo cha mafuta. Madereva wameanika nguo kwenye vioo kama wamehamia. Tumeambiwa mfumo mpya wa kompyuta umeondoa foleni. Ni kweli, umeiondoa kwenye kompyuta. Naliaka amepoteza kuku wawili kwa mwewe. Mama anauliza kama mpunga wa shemeji umeota. Mimi siku hizi natoka ofisini saa kumi, Janet anafunga. Jumapili pia anaendesha yeye kwenda kanisani, anataka mazoezi. Nguzo ya lango imeinama. Ilikaa vibaya tangu zamani, nilishasema.

Nimefanya kazi yako kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Fyuzi: balbu ya kupimia iliwaka pande zote mbili. Kitufe: nilikizungusha mara ishirini, Naliaka akihesabu kwa sauti na kunichekea. Unaoingia, iliwaka. Unaotoka, iliwaka. Vikombe: umeme unafika kote kutatu. Waya mweusi ulikuwa na kutu kama msumari wa bati la kanisa; nimeusugua ukang'aa.

Balbu zenyewe nilizitoa. Mbili zilikuwa nyeusi ndani, ya tatu uzi wake umekatika. Nikanunua tatu mpya kwenye duka la spea lililo mkabala na uwanja wa matrela, bora kabisa, kioo kizito. Muuzaji ameniapia kwamba zinadumu kuliko ndoa.

Nikawasha. Hakuna kitu.

Nilitazama vizuri. Usiniulize tena kama nilitazama.

Ikapel

---

Rukala,
20 Aprili 2025

Mdogo wangu Ikapel,

Kristo amefufuka, na mto pia. Tumetoka kanisani leo tukiwa tumeshika viatu mkononi. Mpunga wa Oduori ulikuwa umeota vizuri. Mwambie Mama hivyo, usimwambie zaidi. Maji yako kwenye shamba la jirani na bado yana heshima. Nimepandisha vitabu vyangu juu ya kabati.

Nimeisoma ripoti yako mara tatu kwa kalamu nyekundu. Unasema umeme unafika kwenye kikombe. Unasema njia ya kurudi ni safi. Unasema balbu ni mpya na nzima. Unasema hakuna mwanga. Ikapel, mambo hayo manne hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Umeme hauna chama, hauna ukoo, hauna mjomba wizarani. Ukipewa njia na uzi wa kupita, uzi utapata moto. Kwa hiyo moja kati ya kauli zako nne ni ya uongo. Sisemi wewe ni mwongo. Nasema kauli.

Nitumie balbu moja kati ya hizo mpya. Na jibu swali ambalo hukulijibu: ulitazama saa ngapi?

Nguzo ya lango aliisimika Mzee kwa saruji nikiwa nimeshika timazi. Haikukaa vibaya.

Dada yako,
Akiteng

Hili nalo ni dogo kuliko la kwanza, nimetumia kalamu nyembamba ya Oduori: nilikuuliza Mama alipika nini, na hujanijibu.

---

Amukura,
4 Mei 2025

Dada,

Wote wazima. Tumesikia redioni habari za mto. Mama anaomba mara mbili kwa siku. Tuma neno kwa Egesa.

Balbu ni hiyo, imefungwa ndani ya soksi. Soksi ni safi.

Nilikuomba msaada wa taa. Sikuomba kesi. Una tabia hiyo tangu utotoni: mtu akikuambia ameanguka, unauliza alikuwa akitazama wapi. Nimefanya kazi mpakani miaka ishirini na sita, nimehojiwa na maofisa wa nchi mbili, na hakuna aliyewahi kunihoji kama wewe kwa ajili ya balbu tatu. Ukitaka gari sema unataka gari. Imebaki miezi mitatu na nusu.

Ikapel

---

Port Victoria,
8 Juni 2025

Mdogo wangu Ikapel,

Usitishwe na anwani. Maji yaliingia Rukala usiku wa tarehe nane Mei, tukatoka na nguo, redio na kuku mmoja mkaidi. Tuko kwa Roselida, dada yake Oduori, karibu na gati la samaki. Tumepewa chumba kizuri, na Oduori amegundua kwamba ana ujuzi kuhusu bei ya omena, kwa hiyo ana furaha. Nyumba imesimama, mpunga umekwenda. Vitabu vilikuwa juu ya kabati, na kabati lilisimama kiume. Soksi yako ilikaa kwa Egesa wiki tatu kwa sababu barabara ilikatika. Ndiyo maana nimekawia. Sikuwa nimenuna, ingawa barua yako ilistahili kununiwa.

Nimeitazama balbu yako kwa kioo cha kukuzia cha Roselida. Kwenye shingo yake kumechongwa maandishi madogo sana: volti ishirini na nne.

Pijo ni ya volti kumi na mbili.

Umenunua balbu za malori, mtoto wa Mzee Omuse. Ni kosa ambalo haliwezi kufanyika Kisumu wala Nakuru. Linafanyika Malaba, mji ambao kila duka linalisha matrela, ambao hata balbu ya choo ukiomba utapewa ya lori. Muuzaji hakukudanganya. Kitako ni kimoja, ukubwa ni mmoja, inaingia bila kulazimishwa. Mutua mwenyewe angeiweka, kwa sababu ameshika za malori maisha yake yote.

Kwa hiyo ile kauli ya balbu ndiyo iliyoanguka. Lakini kesi haijaisha, na sasa nakuomba ukae chini.

Balbu ya volti ishirini na nne ukiipa kumi na mbili haizimi. Inawaka kidogo, rangi ya mkaa unaokaribia kufa. Nimeijaribu hapa kwa betri ya volti kumi na mbili inayowasha redio ya Roselida, chumba kikiwa kimefungwa, na sote tumeiona, hata Oduori ambaye haoni chumvi ikiwa mezani. Zilikuwepo tatu nyuma ya mita. Mtu akiketi ndani ya gari hilo saa moja na nusu jioni, lazima aone wekundu. Wewe umesema hakuna kitu.

Nikarudi kwenye barua zako. Unatoka ofisini saa kumi. Jumapili anaendesha Janet. Nguzo ya miaka arobaini imeinama. Maandishi kwenye shingo ya balbu hukuyaona. Na chini ya barua zangu kuna swali nililokuuliza mara mbili kwa herufi ndogo. Nenda ukalitafute, juani.

Ukisharidhika, nenda Busia kwa muuzaji wa spea za magari madogo, ununue balbu tatu za volti kumi na mbili. Mpe mtu mwingine azisome. Kisha nijibu swali langu la kwanza, lile la saa.

Dada yako,
Akiteng

---

Amukura,
22 Juni 2025

Dada Akiteng,

Mwandiko huu ni wa Janet. Nimemwamuru aandike ninachosema tu, asiongeze chake.

Poleni sana kwa maji. Mama alilia kidogo, kisha akauliza kama kuku ni yule mweusi. Naliaka ametenga jogoo na mitetea saba, wanangoja Egesa mwenye nafasi kwenye pikapu.

Nilikwenda Busia kwa boda boda. Muuzaji alinisomea: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili. Jana saa moja na nusu jioni tuliziweka. Mama aliomba kuketi mbele, mahali pake. Nikawasha. Janet akasema, "Baba, zimewaka." Nikasema, "Naam, naziona." Mama akaniuliza, "Mshale wa mafuta umesimama wapi?"

Nikasema katikati.

Akasema, "Tangi ni tupu, Ikapel. Baba yako pia alisema katikati, mwaka wake wa mwisho, tukazimikiwa na gari mbele ya nyumba ya pasta."

Nilichokiona mimi ni ukungu wenye rangi ya chungwa. Ndivyo ninavyoona kila kitu chenye taa, mwaka wa pili sasa. Trela likija mbele yangu jioni, sioni trela, naona jua. Herufi za wino nazisoma nikiwa nje saa sita mchana. Swali lako la herufi ndogo nilidhani ni mstari wa mapambo. Nguzo niliigonga mimi, Februari, saa moja jioni. Nilitazama taa saa tisa mchana, mara zote mbili, kwa sababu saa moja na nusu jioni nimeacha kwenda popote.

Sikusema kwa sababu mkataba unataka mtu wa kumpeleka Mama kanisani, na nilifikiri nikitengeneza kila kitu kingine hakuna atakayeuliza kuhusu dereva. Nimewatukana mafundi wote wa Malaba kwa kubadilisha spea bila kutafuta hitilafu. Sasa naona nilikuwa nimebadilisha hata nguzo ya lango kuwa mkosaji.

Daktari wa Busia anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sijaamua.

Mimi nimeshindwa. Njoo uchukue Pijo. Taa zake ni nzima.

Nduguyo,
Ikapel

Shangazi, hapa ni mimi Janet, ameenda kufunga kuku. Hajaamua kwa sababu anaogopa. Mwambie wewe.

---

Port Victoria,
6 Julai 2025

Mdogo wangu Ikapel,

Jogoo amefika na ameshagombana na wa Roselida. Sisi wazima. Maji yameanza kurudi mtoni kwa aibu.

Soma barua hii juani, au mpe Janet, lakini usimruhusu aruke mstari.

Sitaki gari unalonipa kama mtu anayetupa kadi mezani. Na hata ningelitaka, ningeliweka wapi? Uwanja wangu una kambare. Hilo ningeweza kukuambia tangu Mei, nikanyamaza, kwa kuwa nawe ulikuwa umenyamaza.

Sasa nilipe langu. Uliniuliza mwanamke atafanya nini na Pijo. Nilikata simu kwa hasira, ukadhani ni tusi lililonikasirisha. Nilikuwa nimezoea tusi hilo. Nililisikia katika vyumba vya walimu miaka thelathini na moja, na nililijibu kila mara. Nilikata kwa sababu sikuwa na jibu. Mimi sijui kuendesha gari.

Najua kila waya wa Pijo ile. Naweza kukwambia ni waya gani Mzee aliufunga kwa utepe wa kijani na mwaka gani. Lakini alipomaliza kutengeneza alikuwa akinipokonya tochi na kukuita wewe kwenye usukani. Alinipa bisibisi, akakupa barabara. Nimefundisha sheria za mwendo kwa vizazi viwili, mimi mwenyewe nikiwa abiria. Nililitaka gari hilo ili liwe langu kabla sijazeeka, hata likikaa tu chini ya mti, na nilikuwa nangoja ushindwe ili nisilazimike kueleza.

Basi hesabu yetu ni hii. Kuna gari lenye taa nzima, dereva asiyeona, na fundi asiyeweza kuendesha. Tukiendelea kushindana, Emukule atampa Janet, na itakuwa haki.

Nenda ukatolewe ukungu huo. Unaogopa, najua, na usimkaripie aliyeniambia. Ulituhubiria kuhusu watu wasiotafuta hitilafu. Umeshaitafuta na umeipata, na iko nyuma ya mboni ya jicho lako. Ukiiacha hapo utakuwa umekwenda chini ya Mutua, maana yeye angalau angeng'oa kitu.

Nitakuja Amukura wiki mbili kabla ya kumbukumbu. Mwambie Janet nitahitaji mwalimu mvumilivu, na kwamba mimi ni mwanafunzi mbishi.

Dada yako,
Akiteng

---

Amukura,
31 Agosti 2025

Dada Akiteng,

Mwandiko huu ni wangu, kama unavyouona, na mistari imenyooka. Natumaini mmefika Rukala salama na kwamba tope la sebuleni limekubali jembe. Mama amechoka kwa wageni lakini anapenda kuchoka hivyo. Naliaka anahesabu kuku waliobaki baada ya kumbukumbu na kutikisa kichwa. Janet amerudi ofisini. Anawaambia madereva wa matrela kwamba amefundisha gari mwalimu mstaafu, nao hawamwamini.

Naandika yale ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa umeshika usukani.

Wakati Baba mdogo Emukule anazunguka Pijo na daftari lake, nilisimama nyuma yake. Alijaribu honi, wipa, kila indiketa, akapiga tairi teke kama anavyopenda. Jua lilipozama akaketi ndani, akawasha, akakizungusha kitufe cha mwanga polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasema, peke yake, "Omuse, zinawaka." Akapangusa pua, akatoka, akadai kuwa dashibodi ina vumbi.

Ndipo ulipoendesha kutoka jikoni mpaka langoni, Mama amekaa mbele, Janet nyuma amefumba macho. Uliigonga nguzo. Ulisema kwa sauti ya darasani kwamba ilikuwa imekaribia barabara, na sote tukacheka ukakasirika. Asubuhi nilikwenda kuiangalia. Mimi niliigonga kutoka nje, wewe umeigonga kutoka ndani. Imesimama wima, dada. Nimeipima kwa timazi.

Emukule alitangaza kwamba gari limepita, na kuhusu mwenye gari akasema, "Hilo mwandikiane." Basi naandika. Kitabu cha gari kina mstari wa jina la mwenye gari. Janet ameuliza, yanaingia majina mawili. Nataka la kwanza liwe lako. Uwanja wako ukikauka, litakuja kwako miezi sita kila mwaka, na Mama atachagua miezi. Jicho la kwanza limepona, la pili linatolewa ukungu tarehe kumi na tano Septemba. Siogopi tena, au naogopa kama mtu wa kawaida.

Juzi jioni, baada ya ninyi kuondoka, niliketi ndani ya Pijo peke yangu pale uwanjani, injini imezimwa. Niliwasha zile taa tatu. Mshale wa mafuta ulikuwa robo, na niliuona ni robo. Nikatoa barua zako zote mfukoni nikazisoma kwa mwanga wa mita ya spidi, moja baada ya nyingine, mpaka chini kabisa, pale pembeni. Nimeusoma mstari mdogo wa kwanza, na wa kalamu ya Oduori pia. Una mwandiko mbaya ukiandika kwa kubana.

Kuna neno ulilolitafuta kwenye ukurasa wangu wa kwanza mwezi wa Machi ukalikosa. Nimeliweka hapa chini, kwa herufi ndogo kama zako. Vaa miwani.

Nduguyo,
Ikapel

Samahani, dada. Na leo Jumapili Mama alipika kunde kwa karanga na ugali wa wimbi, akauliza dereva wake anarudi lini.